Posa ya Mwanafalsafa wa Chapwa

Nimekuwa mshenga kwa miaka mingi na sijawahi kurudishiwa posa. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nilikwenda Ileje bila kuijua kazi. Kazi naijua, na haina mambo mengi. Mshenga anasema, anayeoa ananyamaza. Kijana akipelekwa kuposa hukaa kwenye kona akaangalia vidole vyake vya miguu, na hata akiulizwa kama anataka maji, anayejibu ni mshenga. Utaratibu huu uliwekwa na watu wenye akili, kwa sababu kijana anayetaka kuoa huwa hana akili wakati huo.

Sasa mimi nikaletewa Lusajo.

Lusajo ni jirani yangu hapa Chapwa, Tunduma. Mimi nashona viti na maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na yeye kazi yake ni mikakati ya siasa. Mtu akitaka udiwani au uenyekiti wa mtaa, anamwita Lusajo. Lusajo anamwambia avae shati gani, amsalimie nani kwanza, na kwenye msiba upi alie zaidi. Utanyamazisha kila kitu duniani, Lusajo humwezi. Mwaka mmoja aliwashauri wagombea wawili wa mtaa mmoja, kila mmoja kwa siri, na wote wawili wakashindwa. Nilipomcheka akaniambia kwamba ushauri ulikuwa sawa, ila ulikuwa mwingi.

Lakini alimpenda Atuganile, hilo sina ubishi nalo. Atuganile ni muuguzi wa zahanati huko milimani Ileje. Walikutana Lusajo alipokwenda na mgombea mmoja kuahidi gari la wagonjwa. Watu wote wakapiga makofi. Atuganile akauliza gari hilo litawekwa mafuta na nani. Lusajo anasema hapo hapo akasahau jina la mgombea wake. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuhema tu. Alikuja karakana kwangu akakaa juu ya sponji la viti, akaniambia, "Mzee Gwakisa, huyu nikimkosa nimekwisha." Alilisema kwa unyonge ambao sijawahi kuusikia kwake, nikakubali kuwa mshenga.

Tatizo lilikuwa baba wa binti. Mwalimu Abrahamu Mbonile alifundisha falsafa chuo cha wachungaji mpaka alipostaafu, kisha akarudi Ileje kwenye kahawa yake. Mkewe alifariki zamani, na Atuganile ndiye aliyekuwa akiishi naye. Waposaji walishakuja pale, wakarudishwa wote. Mkaguzi wa shule alirudishwa kwa kuwa hana shaka na jambo lolote. Mfanyabiashara wa mahindi alirudishwa kwa kuwa ana shaka na kila jambo. Nilipoyasikia hayo nilijipanga. Nikamwambia Lusajo: tukifika kule, mdomo wako uwe umeshonwa kwa uzi wangu wa turubai.

Tukaenda kupitia njia panda ya Mpemba, na kikapu chetu cha posa: kitenge, sukari, sabuni na blanketi la mzee. Mwalimu akatupokea vizuri. Ni mzee mrefu, mtulivu, anayesubiri umalize kusema halafu anasubiri tena kidogo, mpaka unaanza kuyaonea haya uliyoyasema. Mambo yakaenda barabara hadi alipouliza, "Kijana wako anafanya kazi gani?"

"Ni mtaalamu wa mikakati ya siasa, Mwalimu," nikasema.

"Yaani anawafundisha watu kushinda."

"Anawasaidia wananchi kupata viongozi."

"Nimekuelewa. Anawafundisha watu kushinda." Akanywa kahawa taratibu. "Mimi binti yangu nisingependa aolewe na mtu ambaye ushindi ni mkubwa kwake kuliko ukweli. Ningependa mwanafalsafa. Lakini hao siku hizi hawapatikani."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijibu. Kutoka kwenye kona, yule aliyetakiwa kuangalia vidole vyake akasema, "Mwalimu, mimi ni mwanafalsafa."

Ningekuwa na sindano yangu ya turubai ningemchoma. Ndugu waliokuwepo wakatazamana. Mwalimu aliweka kikombe chini polepole, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahia ugeni wetu.

"Basi vizuri," akasema. "Hili ni swali ambalo nililifundisha miaka yote bila kulimaliza: anayepanga hila za kutawala, je, anaweza pia kuwa mwanafalsafa wa kweli? Nendeni. Niacheni nichume kahawa yangu, ikiisha rudini. Nikiona anaweza, binti ni wenu. Nikiona hawezi, kikapu chenu mtakichukua." Akamwomba Atuganile alete kitabu fulani kutoka kabatini, kinene kama tofali la kuchoma, akampa Lusajo akasome.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Tulipofika Mpemba hasira zikanizidi, nikamuuliza nani kamwambia yeye ni mwanafalsafa.

"Mzee Gwakisa, mwanafalsafa anatafuta ukweli. Mimi pia natafuta ukweli, ila ule ambao watu wanauficha. Anachokitaka mtu hasa."

"Huo ni umbea," nikamwambia.

"Umbea ni kuusambaza. Mimi naukalia."

Siku zilizofuata akawa anakuja karakana na kile kitabu, anasoma kwa sauti mpaka mafundi wangu wanakosea mishono. Siku moja dereva Mzambia, aliyekuwa akisubiri kiti chake, alimsikiliza kwa muda mrefu kisha akaniuliza kijana huyu anasomea nini. Nikamwambia anataka kuwa mwanafalsafa ili aoe. Yule dereva akasikitika kweli. "Mukwai," akasema, ndilo neno lao la heshima, "kwetu mtu akiwa mwanafalsafa, anayelima ni mkewe."

Baada ya wiki chache kitabu kikaanza kuonekana juu ya friji la jirani anayeuza maji, na Lusajo akaanza kupotea. Ukimuulizia, yuko Ileje. Kesho yake, yuko Mkwajuni kwenye dhahabu. Nilidhani anamfuata mgombea. Kumbe mgombea alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa chini akahesabu ndugu wa Atuganile kama wapigakura wa kata, akaona wenye sauti ni watatu, akapanda pikipiki akaanza kampeni. Mimi mshenga wake sikuambiwa neno. Angeniambia, ningemkumbusha jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha posa analijua, isipokuwa wale waliozoea siasa. Mgombea anaweza kuahidi bandari kwa mtaa huu na uwanja wa ndege kwa mtaa ule, na maisha yakaendelea. Ndugu wa binti wanakaa chumba kimoja.

Kahawa ilipokwisha kuchumwa tukarudi. Chumba kilikuwa kimejaa, na watu walitupokea kwa vicheko ambavyo havikunipendeza. Nimeshapokelewa sehemu nyingi, naijua furaha ya kawaida. Shangazi Ruti, dada yake Mwalimu, alinishika mkono kwa mikono miwili. Mjomba Boazi, ndugu wa marehemu mama, anayefanya shughuli za dhahabu Mkwajuni, alinipigapiga bega. Ambwene, mdogo wake Mwalimu, akanivutia kiti kizuri. Lusajo alikaa kwenye kona yake akiangalia vidole vyake kwa unyenyekevu uliopita kiasi.

"Kabla ya falsafa," Mwalimu akasema, "wenzangu hapa wanasema wamesharidhika na kijana. Wote. Hili halijawahi kutokea katika ukoo wetu hata tulipokuwa tunagawana mbuzi. Dada, wewe umeridhishwa na nini?"

Shangazi Ruti akajiweka sawa. "Mimi nimefurahi kwa sababu watoto hawa wataishi hapa hapa. Lusajo kaniambia atajenga kwenye kile kiwanja cha chini ya nyumba yangu. Magoti yangu haya, Atuganile atakuwa karibu."

"Wapi?" akauliza mjomba Boazi.

"Hapa, milimani."

"Dada, umesikia vibaya. Wanahamia Mkwajuni. Kijana ataniangalizia wale vibarua wangu kwenye mashimo, na Atuganile atafungua duka la dawa. Tumeshaangalia na fremu."

Ambwene akakivuta kiti chake mbele. Akakohoa. "Sasa mimi watoto wangu watakaa wapi?" akauliza. "Kaniambia wataishi Tunduma, na watoto wangu wa sekondari watalala kwake. Hata magodoro nimeshanunua."

Wote watatu wakageuka. Hawakumgeukia Lusajo, maana anayeoa haulizwi. Walinigeukia mimi.

Nimesimama mbele ya wakwe wakali. Nimewahi kumposea kijana ambaye mama mkwe alimkuta anakojoa kwenye bustani ya mchicha, na siku hiyo nilipata la kusema. Lakini pale nilisimama na kikapu changu nikakihamishia mkono wa pili. Nikasema, "Ndugu zangu, kijana wetu ana moyo mkubwa, anatamani kuishi na kila mtu." Hata mimi sikulipenda jibu lile. Shangazi Ruti akauliza kwa upole ambao ulinitisha kama niliyajua haya. Nikasema sikuyajua, na akaniamini, nayo ikawa aibu kubwa zaidi, kwa sababu mshenga asiyejua posa yake ni mbeba kikapu.

Mwalimu Abrahamu hakucheka. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeshiba. "Mimi sina la kuongeza," akasema. "Huyu amemwambia kila mtu ukweli anaoutaka mtu huyo. Mwanafalsafa hupoteza marafiki kwa kusema jambo moja kwa watu wote. Huyu amepata marafiki kwa kumwambia kila mtu lake. Swali langu limejibiwa. Mtanisamehe. Lakini utaratibu ni utaratibu, mwiteni binti."

Utaratibu ni kwamba binti huitwa na kuulizwa kama anawafahamu wageni. Akisema ndiyo, mambo yanaendelea. Akisema hapana, wageni wanaaga. Atuganile akaingia na sinia la kahawa. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu nyumba zetu kuta haziendi mpaka juu.

"Unawafahamu hawa?" Mwalimu akauliza.

"Mzee huyu wa maturubai namfahamu. Huyu wa kwenye kona nilidhani namfahamu." Hakuliweka sinia chini. "Shangazi ameahidiwa, mjomba ameahidiwa, baba mdogo ameshanunua na magodoro. Mimi ndiye ninayekwenda kuishi huko na sijaulizwa. Lusajo."

Lusajo akanitazama mimi. Nikamwambia asimame, mimi maneno yameniishia.

"Nataka useme jambo moja," Atuganile akasema. "Moja tu. Ambalo halitakupa kura hata moja humu ndani."

Lusajo akasimama. Nimemwona akisimama mbele ya mikutano, huwa anavuta shati na kutabasamu kwanza. Safari hii mikono yake ilikuwa haijui iende wapi. Nilimwonea huruma, na hasira zangu zote juu yake, ambazo ni za haki, zikapungua.

"Shangazi," akasema, "siwezi kuishi huku. Baridi ya huku inanitoa makamasi tangu ninaposhuka kwenye pikipiki. Nilikudanganya."

Shangazi Ruti akavuta kanga yake.

"Mjomba Boazi, mashimo yako nayaogopa. Siku ile uliponishusha kuangalia, nilisali sala zote, na za madhehebu mengine. Siji Mkwajuni. Baba mdogo Ambwene, watoto wako nawapenda sana wakiwa kwako. Mimi ninapanga chumba na sebule pale Chapwa, malori yanapiga honi mpaka asubuhi, na sina pengine."

"Kura tatu hizo zimekwenda," Ambwene akasema kwa uchungu. Nadhani alikuwa anayafikiria magodoro.

"Imebaki yangu," Mwalimu akasema. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake, anafurahia kama yuko darasani. "Endelea. Hii ya kwangu utaipotezaje?"

"Kitabu chako sikukimaliza, Mwalimu. Niliishia pale ulipoacha kupiga mistari kwa kalamu. Nikajua na wewe uliishia hapo."

Mjomba Boazi akacheka kwa pua, akajizuia. Mwalimu naye akatabasamu. "Hilo ni kweli. Lakini kura yangu haiondoki kwa kitu kidogo hivyo."

Lusajo akamtazama Atuganile, akamtazama mzee, na nikaona kwamba kuna kitu anakijua na hataki kukisema. Nikatamani asikiseme. Mshenga yeyote angetamani hivyo.

"Mwalimu, lile swali lako la falsafa si swali," akasema. "Mkaguzi ulimrudisha kwa kukosa shaka. Wa mahindi ukamrudisha kwa kuwa na shaka. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Nikiona mtu anabadilisha kanuni kila anapokuja mgombea, najua huyo hatafuti mgombea bora. Hataki uchaguzi ufanyike. Macho yako yanakwisha, Mwalimu. Anayekusomea ni Atuganile, anayekuonyesha ngazi iko wapi ni Atuganile. Unaogopa akiondoka utabaki gizani na vitabu vyako. Hoja yako ni hiyo tu, na nyingine zote umezishonea juu."

Nikainama nikakishika kikapu, kwa kuwa kwa ujuzi wangu hapo posa ilikuwa imekufa na inasubiri kuzikwa. Nilimkasirikia Lusajo upya. Nilimkasirikia pia kwa sababu nilikuwa nimekaa na yule mzee mara mbili, nikamwona anavyokitafuta kikombe kwa vidole, na sikuwaza kitu.

"Ulijua lini?" Mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ya kwanza. Uliponipa kile kitabu ulikigeuza juu chini."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa naihitaji kura yako."

Atuganile akaweka sinia mezani. "Baba," akasema, "ni kweli?"

Mzee yule alifundisha watu kubishana maisha yake yote. Angeweza kutuuliza kweli ni nini, na tungekaa pale mpaka jua lizame tukimtafutia. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, mwanangu. Naogopa. Naona aibu kusema mbele za wageni, lakini naogopa sana."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungebaki. Nilitaka ubaki bila mimi kukuomba."

Atuganile hakulia, alikasirika. Macho yalimwiva akamgeukia Lusajo. "Na wewe ulilijua hili msimu mzima, ukawa unazunguka na pikipiki kuwanunua ndugu zangu."

"Ndiyo," Lusajo akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza neno.

Mwalimu akajikohoza, akajaribu kuirudisha sauti yake ya darasani. "Nina wajibu wa kutoa hukumu. Nilisema mtu wa siasa hawezi kuwa mwanafalsafa. Nimekosea. Huyu amekuwa mwanafalsafa hapa mbele yetu, ingawa ni kwa dakika chache."

"Na wewe umekuwa mwanasiasa kwa miaka," Atuganile akasema. "Kanuni unabadilisha, wagombea unawaengua, na mimi nikadhani ni hekima."

Shangazi Ruti akasema taratibu kwamba hata yeye alidhani ni hekima, ndiyo maana hakuwahi kuielewa.

Nikaona ni wakati wangu. Mshenga ana swali moja ambalo hakuna anayeweza kumnyang'anya, nami nikaliuliza, nimesimama vizuri. "Binti yetu, tumekusikia. Sasa utuambie: kikapu hiki tunakiacha au tunakichukua?"

Atuganile aliwatazama wale wanaume wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine amesimama kama aliyeitwa na mwalimu wa zamu, na nadhani aliwaona wamefanana kuliko alivyotarajia.

"Kiacheni," akasema. "Nitaomba uhamisho nije Tunduma. Na baba anakuja na mimi."

"Mimi sijaomba," Mwalimu akasema haraka.

"Ndiyo, hujaomba. Kahawa ataiangalia baba mdogo." Akamgeukia Lusajo, ambaye nilimwona anavuta shati na kuanza kutabasamu. "Usiseme kwamba umefurahi. Usiseme ni heshima kubwa kwako. Unakumbuka chumba chako kilivyo. Sema ilivyo."

Tabasamu likamtoka Lusajo usoni. Akafikiri, na ukweli ukawa unamtoka kwa shida mbele yetu sote.

"Sijafurahi hata kidogo," akasema. "Chumba ni kidogo, kelele hazilaliki, na huyu mzee atanikosoa kila nikifungua mdomo mpaka nife. Aje."

Mwalimu Abrahamu Mbonile akageuza uso wake kuelekea sauti ya binti yake ilikokuwa. "Huyo kubali," akasema.